Pembe, Si Urefu: Kosa la Spesa Kwenye Propela ya Gari Lililonyanyuliwa

Gari la magurudumu manne likinyanyuliwa, propela shafti yake ndiyo huumia kwanza. Ekseli hushuka mbali na chesi, transfa, yaani sanduku linalogawa nguvu ya injini kwa ekseli mbili, hubaki palepale ilipofungwa kiwandani, na propela inayoviunganisha vitu hivyo viwili hulala kwa mteremko mkali kuliko uliokusudiwa. Siku chache baadaye dereva husikia mvumo chini ya sakafu kuanzia mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, kiti hutetemeka, krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kwenye kila ncha ya propela, huanza kulia gari linapoondoka, na gari hurudi gereji. Huko jibu huwa tayari: propela imekuwa fupi. Itiwe spesa, kipande cha chuma cha kujaza nafasi, au ikatwe iungwe bomba refu zaidi, mambo yaishe.

Imani hii imekaa miaka mingi, na mafundi wazuri wengi wameipokea kwa wakubwa zao bila kuihoji. Ni imani yenye makosa, na makosa yake yanagharimu watu transfa nzima. Katika magari mengi yanayonyanyuliwa kwa kiasi cha kawaida, yaani milimita 40 hadi 60, propela haijapungukiwa urefu. Kilichoharibika ni pembe. Spesa haiponyi pembe, na mara nyingi huizidisha.

Hesabu yake ni ya pembetatu mraba, ile ya shule ya sekondari. Ichukuliwe propela ya nyuma ambayo umbali wa mlalo kati ya krosi zake mbili ni milimita 1,000, na krosi ya difu, yaani ile ya upande wa ekseli, iko milimita 150 chini ya krosi ya transfa. Urefu wake kutoka krosi hadi krosi ni milimita 1,011, na pembe yake ni digrii 8.5. Gari likinyanyuliwa milimita 50, tofauti ya kimo inakuwa milimita 200. Urefu unaohitajika sasa ni milimita 1,020, na pembe imepanda hadi digrii 11.3. Propela imetakiwa kurefuka milimita 9 tu, upana wa kidole kidogo cha mkono. Spilaini, yaani ule mti wa meno unaoteleza ndani ya propela, uliwekwa hapo ili propela irefuke na kufupika kila gurudumu linapopita kwenye shimo au tuta, na safari yake ni kubwa kuliko milimita hizo 9. Anayesema kwamba propela hiyo imekuwa fupi anasema jambo ambalo futi kamba ingemkanusha kwa dakika moja.

Kwenye propela fupi, kama zilivyo nyingi za nyuma katika magari ya chesi fupi, picha ni kali zaidi, lakini inaelekea upande uleule. Umbali wa mlalo ukiwa milimita 600 na kimo kilekile cha milimita 150, pembe ya kiwandani tayari ni digrii 14. Kunyanyua milimita 50 kunaipeleka hadi digrii 18.4, na milimita 100 hadi digrii 22.6. Urefu umeongezeka milimita 14 katika hatua ya kwanza na milimita 31 katika ya pili. Hizo milimita 31 zinastahili kuangaliwa. Lakini digrii 22.6 ni balaa, na hakuna spesa duniani itakayoiondoa.

Ili kuelewa kwa nini pembe ndiyo kiini cha jambo, ni lazima kuanza na krosi yenyewe. Ni kiungo cha kale. Ulaya hutajwa kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitalia wa karne ya 16, na katika karne ya 17 Robert Hooke wa Uingereza alikwisha kutambua sifa yake ambayo gereji nyingi za leo huisahau. Vyuma viwili vikiunganishwa kwa krosi moja na kukawa na pembe kati yao, haviendi kwa kasi moja. Upande unaoendesha ukizunguka kwa kasi isiyobadilika, upande unaoendeshwa huharakisha na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Hilo si dalili ya ubovu. Krosi mpya kabisa, iliyojaa grisi, iliyotoka kwenye boksi asubuhi hiyo, hufanya vivyo hivyo, kwa sababu ndivyo umbo lake lilivyo.

Ukubwa wa kupanda na kushuka huko hutegemea pembe peke yake. Kwenye digrii 3, tofauti kati ya kasi ya juu kabisa na ya chini kabisa ni asilimia 0.3 hivi, ambayo hakuna atakayeihisi. Kwenye digrii 8.5 ni asilimia 2.2. Kwenye digrii 11.3 ni asilimia 3.9, kwenye 18.4 ni zaidi ya asilimia 10, na kwenye 22.6 inafika asilimia 16. Pembe ikiongezeka maradufu, msukosuko huongezeka takriban mara nne. Kisha mwendo nao unaingia. Gari lenye matairi ya kipenyo cha sentimita 80 na difu ya uwiano wa 4.1 huzungusha propela zaidi ya mara 2,100 kwa dakika likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwa kuwa msukosuko hutokea mara mbili kwa mzunguko, ekseli na transfa hupigwa zaidi ya mara 4,200 kila dakika. Nguvu ya mapigo hayo nayo hukua kwa mraba wa mwendo. Pembe ambayo gari hustahimili kwenye tope kwa kilomita 20 kwa saa, kwenye lami kwa kilomita 80 hupiga mara 16 zaidi. Ndiyo maana gari lililonyanyuliwa huweza kupita porini bila kulalamika, likarudi barabara kuu likaanza kutetemeka, na mwenyewe akaamini kwamba shida imeanza leo.

Waliobuni magari walilijua hili, na wakaweka krosi mbili, moja kila mwisho. Kosa la krosi ya kwanza husahihishwa na ya pili, kwa masharti. Uma mbili zilizo kwenye bomba la propela zinapaswa kulala kwenye mstari mmoja, masikio ya huku yakitazamana sawasawa na ya kule. Pembe ya krosi ya transfa inapaswa kulingana na pembe ya krosi ya difu, jambo linalotimia flenji ya transfa na flenji ya pinioni, ule mti unaoingia kwenye difu, zinapokuwa sambamba. Masharti hayo yakitimia, mwendo unaoingia kwenye difu huwa laini hata kama bomba la katikati linasukasuka.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watetezi wa spesa hawalisemi kamwe. Gari likinyanyuliwa kwa springi mpya zilizokaa sawa, ekseli hushuka bila kugeuka. Flenji zilizokuwa sambamba hubaki sambamba. Pembe zote mbili huongezeka, lakini huongezeka kwa kiasi kimoja, na kosa linaendelea kusahihishwa. Gari la aina hiyo, likiwa na propela ya urefu wa mita moja na likinyanyuliwa milimita 50, mara nyingi halihitaji kuguswa propela hata kidogo. Kikomo kipo, kwa sababu bomba lenyewe bado linaharakisha na kupunguza, na uzito wake huzitikisa beringi za pande zote mbili, kwa hiyo digrii 18 hazigeuki kuwa salama kwa kulingana tu. Lakini chini ya hapo, mvumo mwingi unaosikika baada ya kunyanyua hautokani na kunyanyua. Unatokana na mkono uliokuja baadaye kutengeneza.

Mkono huo huja kwanza na kabari. Fundi hutazama pinioni, huona propela inashuka kwa ukali, naye hufikiri kwa nia njema kabisa kwamba pinioni ikiinuliwa itazame transfa, krosi ya difu itapumzika. Hulegeza yuboliti, huingiza kabari ya digrii 6 kati ya springi na kiti chake kwenye ekseli, hukaza. Krosi ya difu imetoka digrii 11.3 hadi 5.3 na kwa macho inapendeza. Krosi ya transfa imebaki karibu palepale. Kabla ya kabari, makosa mawili ya asilimia 3.9 yalikuwa yakifutana. Sasa kosa moja ni asilimia 3.9 na jingine halifiki asilimia 1, na kinachobaki, kiasi cha asilimia 3, kinaingia moja kwa moja kwenye difu. Ni sawa na kuendesha gari kwenye krosi moja tu yenye pembe ya digrii 10. Fundi amepunguza pembe na ameongeza mtetemo, na kwa kuwa hakupima, ataamini kwamba kabari haikutosha, ataweka kubwa zaidi.

Sheko ndefu, vile vibao vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesi, hufanya jambo hilohilo kwa siri. Nyingi huuzwa kama njia rahisi ya kunyanyua upande wa nyuma, na kwa bei ni rahisi kweli. Lakini sheko iliyo mwisho wa nyuma wa springi, ikirefushwa milimita 50, hunyanyua gari milimita 25 tu, huku ikiinamisha springi yote. Kwenye springi yenye urefu wa mita 1.2 ekseli hugeuka zaidi ya digrii 2, na pinioni huinuka bila mtu kutia kabari yoyote. Mwenye gari hupata nusu ya kimo alicholipia, pamoja na flenji zisizo sambamba tena.

Baada ya kabari huja spesa. Ni kipande cha chuma au alumini chenye unene wa milimita 20 hadi 30 hivi, kilichotobolewa matundu ya boliti, kinachobanwa kati ya flenji ya transfa na flenji ya propela kwa boliti ndefu kuliko za awali. Kikiwekwa hapo, krosi ya mbele husogea nyuma kwa unene huohuo. Umbali wa mlalo kati ya krosi mbili unapungua, kimo hakibadiliki. Kwenye ile propela fupi ya mfano, spesa ya milimita 25 huzigeuza milimita 600 kuwa 575, na pembe hutoka digrii 18.4 hadi 19.2. Dawa imeongeza ugonjwa. Katika propela ndefu nyongeza ni ndogo, lakini hata huko haielekei upande wa nafuu.

Madhara ya pili ni mabaya zaidi kwa sababu hayaonekani hadi siku ya kishindo. Kunyanyua gari hakubadilishi mahali ambapo ekseli hugota juu kwenye mpira wa kugongea, isipokuwa mpira wenyewe umeshushwa. Gari likitua kwa nguvu baada ya tuta, ekseli hupanda hadi palepale ilipokuwa ikipanda kiwandani, na propela hutakiwa kufupika hadi urefu uleule wa zamani. Lakini sasa nafasi hiyo imeliwa na spesa kwa milimita 25. Spilaini ikigota mwisho wake kabla ya ekseli kugota mpira, uzito wa gari husukuma propela mbele kama nyundo, na anayepokea pigo ni beringi ya nyuma ya transfa. Sili huanza kuvuja oili kwanza. Hubadilishwa. Huvuja tena. Mwishowe beringi hulia, transfa hufunguliwa, na kwa wakati huo hakuna anayekumbuka spesa iliyowekwa mwaka uliopita.

Kuna pia suala la kukaa katikati. Flenji ya kiwandani ina ukingo mdogo unaoingia kwenye mwenzake na kuishika propela katikati kabisa ya mzunguko. Spesa iliyokerezwa ovyo haina ukingo huo, au inao wenye mwanya. Boliti hazikuundwa kufanya kazi ya kuweka katikati, kazi yake ni kubana. Propela iliyokaa kando hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho huzunguka ikiyumba, na mtetemo mpya unaongezwa juu ya ule wa pembe.

Watetezi wa spesa wana hoja wanayoiamini sana, nayo inastahili jibu la heshima: gari lilikuwa likitetemeka, spesa ikawekwa, gari likatulia. Mara nyingine ni kweli. Spilaini iliyotoka nje kupita kiasi, ikabaki na meno machache tu yaliyoshikana, huchezacheza, na kuirudisha ndani huondoa uchezaji huo. Hapo urefu ulikuwa na kesi, na hakuna haja ya kubisha. Lakini mara nyingi zaidi kilichotokea ni kingine. Ili kuweka spesa, propela ilishushwa. Ilipigwa grisi. Krosi moja iliyokuwa na unga mwekundu kama kutu kwenye vikombe vyake, dalili ya sindano kavu, ilibadilishwa palepale. Na propela iliyokuwa imeungwa na fundi aliyetangulia jino moja au mawili kando, masikio ya uma yakiwa hayatazamani, iliunganishwa upya ikakaa sawa. Masikio yakiwa robo mzunguko kando, makosa ya krosi mbili hayafutani bali hujumlishwa, kwa hiyo kuyarudisha pekee kunatosha kuleta utulivu mkubwa. Sifa zote huenda kwa spesa, ambayo katika kazi hiyo yote ndiyo haikufanya lolote.

Hoja ya pili ni ya mifano: Land Cruiser fulani imenyanyuliwa, ikatiwa spesa mbele na nyuma, na inatembea miaka na miaka. Hapa ni lazima kutofautisha magari. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984 na ambao ndio uti wa mgongo wa safari za mbugani na kazi za vijijini Tanzania na Kenya, kwa kawaida huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, na ya mbele huingizwa yakihitajika. Habu za mbele zikiwa zimefunguliwa, propela ya mbele haizunguki kabisa barabarani. Inaweza kuwa na pembe mbaya, spesa mbaya na krosi kavu, na dereva asisikie chochote, maana inafanya kazi kwenye mchanga na tope tu, kwa mwendo mdogo. Land Rover One Ten ya mwaka 1983 na Defender zilizoifuata, pamoja na Land Cruiser 80 zenye uendeshaji wa kudumu wa magurudumu manne, hali yake ni nyingine. Propela ya mbele huzunguka kila kilomita, kutoka gereji hadi mwisho wa safari. Kunyanyua kulekule, spesa ileile, huku gari limekaa kimya na kule linavuma. Mfano wa gari la kwanza hauthibitishi lolote kuhusu la pili, na kuutumia hivyo kumewaponza wengi.

Wapo wanaokubali kwamba shida ni pembe, kisha wakashusha transfa kwa kuweka vipande chini ya kibebeo chake. Hao wamefikiri vizuri kuliko wenye spesa, na pembe inapungua kweli. Lakini transfa ikishuka, giaboksi na injini huinama pamoja nayo, mipira ya injini hupindika, feni husogelea kava lake, na flenji ya transfa hubadili mwelekeo kwa hiyo usambamba unapaswa kupimwa upya. Juu ya yote, uwazi wa chini ya gari, ambao ndio uliotafutwa kwa kunyanyua, unarudishwa nusu. Kama hatua ya milimita chache huvumilika. Zaidi ya hapo ni kutoa kwa mkono wa kushoto kilichonunuliwa kwa mkono wa kulia.

Marekebisho ya kweli ya propela kwa gari lililopanda sana ni krosi pacha upande wa transfa: krosi mbili zilizobanwa pamoja katika nyumba moja, na kigololi katikati kinachozilazimisha kugawana pembe nusu kwa nusu. Kwa kuwa nusu mbili zinalingana daima, kosa hufutwa hapohapo, na digrii 22 hugeuka kuwa 11 na 11. Lakini hata hapa imani iliyoenea huleta madhara. Krosi pacha hununuliwa kwa bei kubwa, hufungwa, na pinioni huachwa sambamba na transfa kama zamani. Hilo ni kosa. Krosi pacha imejisahihisha yenyewe, haihitaji mwenza, kwa hiyo krosi moja iliyobaki upande wa difu haina wa kuifutia makosa yake. Pinioni inapaswa kuelekezwa kwenye transfa ili krosi hiyo ibaki na digrii 1 au 2 tu. Kwenye springi bapa ni vizuri kuiacha ikitazama chini kidogo, maana mguu ukikanyaga mafuta ekseli hujipinda na pinioni hupanda. Kwa krosi pacha, basi, kabari ni sahihi. Kwa propela ya krosi moja kila upande, ni sumu. Kifaa kimoja, hukumu mbili zinazopingana, na kinachoamua ni aina ya propela iliyo chini ya gari.

Upande wa mbele kuna mgongano mwingine ambao hauna suluhisho la bei nafuu. Magari yenye ekseli nzima na koili mbele, kama Land Cruiser 80 na 70 zilizotoka baada ya koili kuingia mwaka 1999, hushika ekseli kwa mikono mirefu inayorudi nyuma kwenye chesi. Gari likinyanyuliwa, mikono hiyo huinama na ekseli hugeuka: pinioni hupanda, na kasta, ule mlalo unaoufanya usukani urudi katikati wenyewe, hupungua. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi na gari hutangatanga barabarani. Bushi za kurekebisha kasta huirudisha ekseli mahali pake, na pinioni hushuka pamoja nayo. Kwa hiyo mwenye krosi pacha mbele hutaka pinioni juu, na mwenye kutaka usukani salama huitaka chini. Kumaliza mgongano huo ni lazima vifundo vya magurudumu vikatwe na kugeuzwa kwenye ncha za ekseli, kazi ya karakana kubwa yenye vipimo na uchomeleaji wa kuaminika. Ikibidi kuchagua, usukani upewe haki yake kwanza, na gari lishushwe.

Krosi pacha ina udhaifu mwingine unaohusu hasa nchi za vumbi na tope. Kigololi cha katikati huhitaji grisi, na mara nyingi nipeli yake imejificha ndani ya nyumba, haifikiwi na bomba la kawaida la grisi. Katika Land Rover Discovery 2, iliyotoka kiwandani ikiwa na krosi pacha kwenye propela ya mbele, zipo ambazo hazikuwekewa nipeli kabisa. Kiungo hicho kilipokufa kikavu, propela ilikatika ikizunguka na kupasua nyumba ya giaboksi. Anayefunga krosi pacha kwenye gari la mbugani na hana ratiba ya kuipaka grisi amejitafutia hatari kubwa kuliko mtetemo aliouondoa.

Kuhusu pikapu zenye propela ya nyuma ya vipande viwili, kama Hilux nyingi za kabini mbili, maneno machache yanatosha. Kipande cha mbele hakibadiliki gari likinyanyuliwa, cha nyuma ndicho hubeba pembe yote, na kushusha beringi ya kati kwa milimita chache huigawanya upya. Hapo tena hakuna spesa inayohitajika.

Urefu una mahali pake, na kuukana kabisa kungekuwa kosa jingine. Jeep Wrangler ya TJ, iliyoanza kuuzwa kama toleo la 1997, ina uma unaoteleza moja kwa moja kwenye mti unaotoka transfa, bila flenji, na mkia wa transfa ni mrefu. Ikinyanyuliwa, uma huchomoka kidogokidogo na pembe huwa kali kwa sababu propela ni fupi. Marekebisho yanayofanyika Marekani ni kukata mkia wa transfa, kuweka flenji, na kutengeneza propela ndefu zaidi yenye krosi pacha. Propela hiyo ni ndefu kweli, lakini imerefushwa kwa kuziachanisha krosi, na pembe ikapungua. Spesa hufanya kinyume: huzisogeza krosi karibu.

Mfano mwingine uko Arusha, ambako karakana huzirefusha chesi za Land Cruiser ili zibebe viti zaidi vya watalii. Propela ya nyuma ni lazima irefuke, na pembe yake hupungua, neema inayokuja na deni. Kila propela ina kasi ambayo ikifikiwa bomba huanza kupinda kama kamba ya kuruka, na kasi hiyo hushuka kwa mraba wa urefu. Bomba lililotoka mita 1 hadi mita 1.4 hubaki na karibu nusu ya kasi yake ya usalama. Kwa hiyo bomba refu linapaswa kuwa nene kwa kipenyo, au ligawanywe mara mbili kwa beringi ya kati. Kuunga kipande cha bomba lolote lililopatikana, kikachomelewa kwa jicho na kurudishwa chini ya gari bila kuwekwa kwenye mashine ya kubalansi, ni kuhatarisha watu walioketi juu yake. Propela ikikatika upande wa transfa kwa mwendo mkubwa, huweza kuchoma ardhi na kulinyanyua gari.

Kazi ya kunyanyua ianze na vipimo kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa. Gari likae kwenye sakafu tambarare na mzigo wake wa kawaida. Kipima pembe cha sumaku, au simu yenye programu ya aina hiyo, kiwekwe kwenye uso wa flenji ya transfa, kisha juu ya bomba la propela, kisha kwenye flenji ya pinioni, na namba tatu ziandikwe. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya pili ni pembe ya krosi ya mbele, na tofauti kati ya namba ya pili na ya tatu ni pembe ya krosi ya nyuma. Baada ya kunyanyua, vipimo virudiwe. Kisha chesi inyanyuliwe kwa jeki hadi ekseli ining'inie na shokapu zifike mwisho, propela izungushwe kwa mkono mzunguko mzima, na masikio ya uma yaangaliwe kama yana alama ya kung'aa mahali yanapogusana. Katika hali hiyohiyo ipimwe sehemu ya spilaini iliyobaki ndani. Hapo tu, ekseli ikiwa imening'inia na futi ikiwa mkononi, ndipo neno "fupi" linapoweza kusemwa kwa haki. Masikio yanayogusana yasisagwe ili kupata nafasi, kwa kuwa uma uliopunguzwa ndio utakaokatika. Kimo kipunguzwe, au shokapu ziwekewe kikomo.

Mwenye gari ana haki ya kudai pembe mbili za krosi zilizoandikwa, kabla na baada, pamoja na kipimo kimoja cha spilaini ekseli ikiwa imening'inia. Gereji isiyoweza kuvitoa vipimo hivyo isipewe kazi ya kunyanyua gari, hata kama spesa inaitoa bure.